Hodi kwenye matete: ndege asiyeonekana anahesabiwaje?

Kila delta ya mto Tana, nchini Kenya, inapotajwa kwenye habari, hasa pale mradi mkubwa wa kilimo au bwawa unapokutana na hoja za mazingira, kuna maneno hujirudia barazani: "Yaani maendeleo yasimame kwa ajili ya ndege? Na ndege mwenyewe eti wa Iraq!" Mwingine huongeza: "Kama hawajui hata wako wangapi, wamejuaje kwamba wanaisha?"

Maswali hayo ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba majibu yake hukaa ndani ya ripoti, na ripoti haimfikii mtu anayelima mpunga Ozi wala anayechunga ng'ombe karibu na Garsen. Nitajaribu kuyajibu kwa kumfuata ndege mmoja tu. Jina lake la kisayansi ni Acrocephalus griseldis. Hapa nitamwita ndege-matete wa Basra, kwa sababu matete ndiyo nyumba yake na Basra ndio mji ulio karibu na mahali anapozaliwa.

Ni ndege mdogo, mgongo wa kahawia iliyofifia, tumbo jeupe, mstari mweupe juu ya jicho, mdomo mrefu na mwembamba. Uzito wake ni kama gramu 15 hadi 20, sawa na kijiko kikubwa cha sukari. Hana taji kama korongo wala mbawa za kung'aa kama chiriku. Akitulia kwenye bua unaweza kumpita mara kumi usimwone, na hata wataalamu waliwahi kumchukulia kuwa ni tawi tu la jamaa yake aliye mkubwa zaidi.

Karibu wote huzaliana kwenye vinamasi vya kusini mwa Iraq, pale mito ya Tigris na Euphrates inapokaribia Ghuba. Hufika huko Aprili, hufuma kiota kati ya mabua juu ya maji, hulea makinda, na Agosti na Septemba huwa ameanza kuondoka. Kutoka Basra hadi delta ya Tana ni karibu kilomita 3,700 kwa mstari ulionyooka, na yeye hapiti mstari ulionyooka. Huja kwa kupitia Sudan na Ethiopia, wengine wakatulia Somalia ya kusini na Kenya, wengine wakateremka Tanzania hadi Malawi na Msumbiji. Sasa piga hesabu ya miezi. Anakaa Afrika muda mrefu kuliko anaokaa Iraq. Tena Gustav Hartlaub, Mjerumani aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1891, alimweleza kwa kutumia ndege aliyepatikana Afrika Mashariki. Kwa hiyo huyo "ndege wa Iraq" ni wetu pia, kama vile mvuvi anayelala baharini nusu ya mwaka alivyo wa kijiji chake.

Maneno matatu kabla hatujaendelea

Ardhioevu ni ardhi ambayo maji ndiyo yanayoamua nini kiote na nani aishi hapo: kinamasi, mikoko, bonde linalofurika, ziwa la kina kifupi. Si lazima iwe na maji mwaka mzima, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anapita bondeni Februari, anaona nyasi kavu na udongo uliopasuka, anasema ardhi hii imelala bure. Ni sawa na kupita uwanja wa soko siku isiyo ya soko, ukahukumu kwamba hapana biashara.

Delta ni mahali mto unapopumzika kabla ya kuingia baharini. Tana huteremka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, husafiri karibu kilomita 1,000, hufika tambarare, hupunguza mwendo na kutua mzigo wa udongo uliobeba. Kisha hugawanyika. Mwaga ndoo ya maji juu ya mchanga tambarare uone yanavyojichorea vijito, ndivyo hivyo. Udongo unaotuliwa hapo ndio rutuba ya mpunga na maembe, na maji yanayosambaa ndiyo yanayootesha malisho ambayo wafugaji huyafuata wakati wa kiangazi, kutoka mbali sana.

La tatu ndilo linalochanganya watu zaidi: hatarini kutoweka. Halina maana kwamba wamebaki kumi. Shirika la IUCN, linalotunza orodha ya dunia ya viumbe walio mashakani, huwapanga kwa ngazi, na ndege-matete wa Basra yuko kwenye ngazi inayoitwa "hatarini", moja kabla ya ile ya hatari kubwa kabisa. Kiumbe anaweza kuwekwa hapo kwa sababu ya uchache wake, au kwa udogo wa eneo analoishi, au kwa kasi ya kupungua: nusu ya idadi au zaidi kupotea ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kutegemea muda upi ni mrefu. Chukua mfano wa ghala. Magunia 1,000 si haba. Lakini kama mwaka jana yalikuwa 2,000 na tundu bado halijazibwa, mwenye ghala hapati usingizi. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona jana nimewaona watatu, hawako hatarini hao," hajasema uongo kuhusu alichokiona, ila amehesabu magunia bila kutazama tundu.

Kupiga hodi

Ng'ombe humhesabu akipita langoni. Ndovu humhesabu kutoka angani. Ndege-matete anaishi ndani ya ukuta wa majani uliompita mtu kimo, anapanda na kushuka mashina kama panya, na rangi yake ni ya majani makavu. Kwa hiyo kazi kubwa hufanywa na masikio.

Hebu tusimame na mhesabuji. Ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua halijatoka, mbu wamejaa shingoni. Amefika sehemu iliyochaguliwa kwa ramani kabla hajaja. Hakuichagua yeye kwa kuipenda, na hilo ni jambo kubwa: ukitaka kujua njaa ya kijiji usihesabu sahani kwenye karamu ya arusi. Mhesabuji akienda tu pale anapojua ndege wamejaa, atarudi na picha nzuri ya uongo. Anasubiri kwanza, ili kishindo cha miguu yake majini kisahaulike. Kisha anasikiliza kwa muda uliopangwa, tuseme dakika 10. Kila sauti anaiandikia upande ilikotoka na umbali wake kwa kukadiria, kwa sababu sauti ya mita 20 na ya mita 80 hazina uzito mmoja. Ya mbali humezwa na upepo na majani, na lazima baadaye hesabu irekebishwe kwa wale ambao sikio halikuwafikia.

Ndege huyu huimba hata akiwa huku, hasa safari ya kurudi inapokaribia. Wimbo wake ni wa polepole na wa chini kuliko wa jamaa zake wanaokwaruza kwa nguvu, kama mtu anayejisemea peke yake akiwa na kazi mkononi. Masikio yaliyozoea huutambua. Yasiyozoea huuandikia jina la ndege mwingine, na ndiyo maana mafunzo ya kusikiliza huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Akinyamaza je? Hapo ndipo hodi inapokuja. Mhesabuji hucheza sauti ya ndege huyo iliyorekodiwa, kwa muda mfupi, kisha hutega sikio. Ndege aliyejitengea kichaka chake anaweza kuitikia kana kwamba amesikia mgeni mlangoni. Njia hii hutumika kwa kiasi, maana ndege anayeitwa ovyo kila saa huacha kula ili ajibu, na huo ni mwanzo wa kumdhuru yule uliyekuja kumsaidia.

Lakini sote tunajua hodi ilivyo. Ukipiga mara moja kukawa kimya, huwezi kusema nyumba haina watu. Pengine wako uani. Pengine wamelala. Pengine wamekusikia hawataki kufungua. Kimya si ushahidi wa utupu.

Wanasayansi wameligeuza jambo hilo kuwa hesabu, na si ngumu. Chukua vichaka 16 ambavyo kweli vina ndege, na tuseme kila hodi ina nafasi ya nusu kwa nusu ya kuitikiwa. Siku ya kwanza vitaitika 8, na wewe utaandika kwamba vingine 8 ni vitupu, nawe umekosea. Rudi siku ya pili kwenye vile vilivyonyamaza: vinaitika 4. Ya tatu: 2. Baada ya safari tatu umefikia vichaka 14 kati ya 16. Hesabu hizi ni za mfano tu, zimenyooka kuliko zitakavyowahi kunyooka kwenye matope, lakini zinaonyesha kwa nini mtafiti hurudi mahali pale pale mara tatu au nne. Wanakijiji humwona wakadhani amepotea njia au hajui kazi. Marudio hayo ndiyo kazi yenyewe. Kwa kulinganisha ni mara ngapi kichaka kile kile kimeitika na mara ngapi kimenyamaza, anaweza kukadiria ni vingapi vyenye ndege ambavyo havikuitika kabisa.

Kwenye Tana hiyo hiyo kuna kisa kinachonigusa kila nikikikumbuka. Yuko ndege mwingine mdogo wa nyasi ambaye vitabu vilimpa jina kwa mto huu, Cisticola restrictus. Anajulikana kwa sampuli chache tu zilizo makumbusho, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1972. Wako wanaoshuku kwamba hakuwa aina ya peke yake, bali mchanganyiko wa jamaa zake. Je, ametoweka, hakuwahi kuwapo, au tulipiga hodi mara chache? Ukiacha kuhesabu mapema, hata swali lenyewe hupotea.

Ndege mkononi

Kuna njia ya pili: kumshika. Mahali maarufu zaidi kwa hilo nchini Kenya hapako kwenye delta, pako Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi. Tangu mwaka 1969 ndege wanaohama wamekuwa wakikamatwa hapo na kuvishwa pete. Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu hushuka kwenye kilima na taa za hoteli huufanya uwake mweupe. Ndege wanaosafiri usiku hupotezwa na mwanga huo, wakashuka kwa mamia, wakati mwingine kwa maelfu, na alfajiri wanakutwa kwenye nyavu nyembamba kama nywele. Kwa miaka yote hiyo wamevishwa pete ndege zaidi ya laki nne.

Anayemshika humweka ndege kiganjani, shingo ikiwa kati ya vidole viwili, bila kubana. Anapima bawa kwa rula. Kwa ndege hawa wanaofanana, urefu wa bawa na umbo la mdomo ndivyo vinavyotenganisha jina na jina. Kisha anampuliza taratibu kifuani. Manyoya yanaachana, ngozi inaonekana, nyembamba kama karatasi ya kitunguu, na chini yake, kwenye shimo la koo, kuna utando wa njano. Ni mafuta. Hiyo ndiyo akiba ya safari. Ndege aliyepita mahali penye wadudu wengi ana shimo lililojaa. Aliyekuta kinamasi kimekauka ana shimo tupu, na misuli ya kifua imeanza kuliwa na mwili wake mwenyewe. Kwa pumzi moja unakuwa umesoma hali ya ardhioevu ambayo hujawahi kuikanyaga. Baada ya hapo pete nyepesi ya chuma yenye namba, mkono unafunguliwa, ndege anaondoka.

Pete hizo zinasaidiaje kuhesabu? Chukua debe la maharagwe usilojua idadi yake. Toa 50, yatie alama ya wino, yarudishe, koroga vizuri. Sasa chota 60. Ukikuta 6 yana wino, sehemu moja ya kumi ya chota lako ina alama. Basi yale 50 uliyoyatia alama nayo ni kama sehemu moja ya kumi ya debe, na debe lina kama 500. Hutahitaji kuhesabu yote. Sharti ni moja: debe lisiwe na tundu, yaani kusiwe na maharagwe yanayoingia na kutoka kati ya chota la kwanza na la pili. Kwa ndege aliyetulia mahali pamoja kwa wiki kadhaa, sharti hilo hutimia kwa kiasi. Kwa wapita njia wa Ngulia halitimii kamwe. Kwa hiyo pale hutazamwa kitu kingine: kati ya ndege wote wa jamii hiyo waliokamatwa msimu huu, mgao wa ndege-matete wa Basra ni upi, na miaka 20 au 30 iliyopita ulikuwa upi? Usiku wa ukungu mzito huleta ndege wengi wa kila aina, usiku usio na ukungu huleta wachache, lakini mgao hauyumbi sana kwa sababu ya ukungu. Kushuka kwa mgao huo ni mojawapo ya dalili zilizowafanya wataalamu waone kwamba kuna jambo limeharibika mbali kaskazini.

Na lilikuwa limeharibika kweli.

Tundu la ghala

Vinamasi vya Iraq viliwahi kufunika kati ya kilomita za mraba 15,000 na 20,000. Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein ilichimba mifereji na kujenga kuta za udongo ili mito isifike humo, kwa nia ya kuwavunja watu waliokuwa wakiishi na kujificha ndani yake. Wamaadani, watu wa vinamasi waliojenga nyumba za matete juu ya visiwa vya matete na kufuga nyati wa maji, walitawanywa. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilichobaki kilikuwa kama sehemu moja ya kumi. Kwingine kote kulikuwa chumvi na vumbi.

Fikiria ndege anayerudi Aprili, amechoka, akiba ya mafuta imekwisha, anafika mahali alipozaliwa na hapana hata bua. Hakuna aliyempiga risasi. Hakuna aliyemtega. Maji tu yalielekezwa kwingine.

Mwaka 2003, serikali hiyo ilipoanguka, wenyeji walizibomoa kuta wenyewe. Maji yalirudi, matete yakaota kwa kasi iliyowashangaza wengi, na watafiti wa Iraq walioingia humo kuanzia 2005 walimkuta ndege huyu akiimba tena. Mwaka 2016 vinamasi hivyo viliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini mabwawa ya Uturuki, Syria na Iran juu ya mito hiyo yanazuia maji mengi, na ukame wa miaka ya karibuni ulikausha tena maeneo makubwa. Na maji ya mto yakipungua, bahari hupanda kuchukua nafasi. Mwaka 2018 mjini Basra zaidi ya watu 100,000 walifika hospitalini baada ya maji yao kuingiwa na chumvi na uchafu. Ndege na binadamu walikuwa wanakunywa tatizo moja.

Kisa hiki kinatupa onyo kuhusu idadi. Mvua ikinyesha ghafla sokoni, watu wote hukimbilia chini ya paa moja. Anayepita hapo atasema leo soko limejaa. Vivyo hivyo kinamasi kikikauka nusu, ndege wa nusu ile hukimbilia iliyobaki, na mhesabuji anayesimama hapo atasikia nyimbo nyingi kuliko mwaka jana. Kwenye karatasi yake idadi imepanda, wakati kwa jumla inaporomoka. Ndiyo maana hesabu ya mahali pamoja haitoshi, na ndiyo maana kila karatasi ina sehemu ya kuandika kina cha maji, urefu wa matete, na kama kumechomwa moto. Nikisoma taarifa inayotangaza "ndege wameongezeka" bila kutaja ukubwa wa maji, huwa siiamini hadi nione sehemu hiyo.

Kwa hiyo tunamhifadhije?

Wapo wanaopendekeza akamatwe afugwe kwenye vizimba, azaliane, kisha aachiwe. Njia hiyo imewahi kusaidia ndege wachache waliobaki makumi tu duniani. Kwa ndege-matete ni sawa na kumnunulia kitanda mtu aliyebomolewa nyumba. Anajua kuzaliana vizuri sana. Anachokosa ni pa kuzaliana, na pa kula anapokuwa safarini. Kumhifadhi ni kuhifadhi mafuriko.

Hapo ndipo Tana inapoingia moja kwa moja. Kwa kawaida mto huu ulikuwa ukifurika mara mbili kwa mwaka, kufuatana na mvua za masika na za vuli. Juu yake kumejengwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Umeme huo tunautumia sote na sitajifanya hatuuhitaji. Lakini bwawa hupunguza vilele vya mafuriko, na udongo hubaki nyuma ya ukuta badala ya kufika bondeni. Lipo pia pendekezo la bwawa kubwa zaidi la High Grand Falls. Swali la kuuliza kuhusu bwawa lolote kama hilo linazidi lile la megawati ngapi. Litaachia maji kiasi gani, mwezi gani, na kwa siku ngapi? Mafuriko yanayoachiwa kwa makusudi katika msimu wake yanaweza kuliokoa bonde. Maji hayo hayo yakigawanywa kidogo kidogo mwaka mzima hayafuriki popote.

Upande wa wakazi, mkulima wa mpunga wa Kipokomo, mfugaji wa Kiorma anayehitaji malka, yaani njia ya kufikisha mifugo mtoni, mvuvi, na ndege huyu, wote wanategemea kitu kile kile. Yanapopungua maji, hao hugombana. Kati ya 2012 na mwanzoni mwa 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya delta, na ingawa siasa zilikuwa na mkono wake, ugomvi wa ardhi, malisho na maji ulikuwa ndani yake. Anayesema uhifadhi wa ardhioevu ni anasa ya watu wa ndege, namwomba aanzie hapo.

Februari 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na wakazi wenyewe, iliagiza kwamba delta ipangiwe matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha wenyeji. Miezi michache kabla, mwaka 2012, delta ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya Ramsar, hekta 163,600. Neno hilo Ramsar limezua hofu isiyo na msingi. Ni mji wa Iran ambako mkataba wa ardhioevu ulitiwa saini mwaka 1971. Kuingizwa kwenye orodha hakumnyang'anyi mtu shamba, hakugeuzi bonde kuwa hifadhi yenye uzio, hakukatazi kulima, kuvua wala kuchunga. Kinachotakiwa na mkataba ni nchi itumie ardhi hiyo kwa busara, bila kuiharibu tabia yake ya kushika maji. Ukilima mpunga unaofuata mafuriko, uko ndani ya roho ya mkataba. Ukijenga tuta linaloyazuia mafuriko yasiwafikie wengine, umetoka nje yake.

Kukata matete nako si dhambi. Wamaadani wamekata kwa maelfu ya miaka na ndege wakawapo. Kinachodhuru ni kukata yote kwa mpigo au kuchoma eneo zima wakati mmoja. Ukikata kwa vipande, mwaka huu huku, mwaka ujao kule, ndege hukuta daima sehemu yenye matete ya umri unaomfaa, na wewe hukuta matete mapya.

Limebaki jambo moja ambalo wakulima wa mpunga huliuliza kwa hasira, na wana haki: huyu si ndiye anayetumalizia mavuno? Hapana. Wanaokula mpunga ni kwelea kwelea, wenye mdomo mfupi mnene wa kuvunja nafaka, wanaokuja kwa makundi kama moshi. Ndege-matete ana mdomo kama sindano. Anakula wadudu na buibui, na huishi peke yake au wachache wachache. Bahati mbaya ni kwamba sumu inayonyunyiziwa kwelea kwelea wakiwa wamelala, fenthion, haichagui. Matete ambamo kwelea kwelea hulala ndimo pia mwenzao huyu alimojificha, na hata asiponyunyiziwa yeye, hula mdudu aliyenyunyiziwa. Kwa hiyo kabla ya kunyunyiza, inafaa mtu anayejua sauti apite hapo jioni, asikilize nani mwingine yumo.

Turudi kwa yule mhesabuji. Ni siku ya tatu, mahali pale pale, na matete yamenyamaza tena. Kazi yake haijaharibika. Kwenye kisanduku cha idadi anaandika 0, haachi wazi, kwa sababu kisanduku kilicho wazi maana yake hakwenda. Chini yake anachomeka kijiti chenye alama kwenye maji na kuandika kina: sentimita 12. Mwaka uliopita, mwezi huu huu, kwenye alama hii hii, karatasi inasema 40.